Hodi Kabla ya Kumtoa Mtu

Usiku ule nilikaa kwenye kigoda mkabala na mlango wa chumba cha binti yangu, nikisikiliza vidole vyake vikigonga vibonye vya kompyuta. Vikigonga haraka, nilijua anaandika. Vikinyamaza, moyo wangu uligonga kwa niaba yake.

"Huo mlango utautoboa kwa macho," mume wangu aliniambia akipita kwenda kulala. "Mtoto ana miaka ishirini na sita."

"Hata akiwa na sitini."

"Basi ukimaliza kuulinda huo, linda na wa jikoni. Paka amezidi."

Binti yangu ni kitindamimba, na tangu utotoni hapendi kitu kiachwe wazi. Alizima taa nyuma yetu, alifunga mabomba, alifunika masufuria ya wenzake. Ndugu zake walimwita Askari. Leo analipwa kwa tabia hiyohiyo. Ofisi yao inatunza ramani za viwanja, ina matawi mengi, na wafanyakazi wote, kila mtu akiwa kwake mbali, wanaingia kwenye kompyuta moja kubwa wanayoiita seva. Alinieleza kwamba seva ni kama nyumba ya kupanga: kila anayeingia hupewa chumba. Shida ni kwamba watu hawaagi. Mtu anafunika kompyuta yake anakwenda zake, na kule chumba kinabaki na jina lake. Kufika saa nne asubuhi nyumba imejaa watu wasiokuwemo, na wenye kazi wamekwama nje.

Mwanzoni aliwatoa mmojammoja, simu sikioni. "Shangazi, umetoka kweli? Hapana, kuzima kioo si kutoka." Baadaye akaandika skripti, yaani maagizo unayoyaandika mara moja na mashine inayafuata kila siku bila kukumbushwa. Ile skripti iliwatazama waliomo, na aliyekaa saa nzima bila kugusa kibonye ikamtoa. Ofisi ikamsifu. Nami nikatembea mtaani kichwa juu, ingawa sikujua kuieleza hiyo kazi. Nilimwambia jirani kwamba anatoa watu vyumbani, akaniuliza kama ni dalali wa mahakama.

Kisha skripti ikamtoa mchora ramani.

Huyo ni mzee wa tawi la mbali, na alikuwa ameipa seva kazi ya kuunganisha ramani za mtaa mzima, kazi inayochukua saa tisa, akaiacha iendelee akaenda kulala. Hakugusa kibonye kwa sababu hakuwa na haja nacho. Asubuhi akakuta ametolewa na kazi yote imepotea. Alhamisi jioni mkuu wa mitambo akampigia binti yangu tukiwa mezani, na sauti yake tuliisikia sote.

"Kesho usiku mzee anaiweka tena. Jumamosi asubuhi nikikuta imekatika, au nikikuta seva imejaa, Jumatatu usijisumbue kuja. Bado uko kwenye majaribio, unalijua hilo."

Hakumaliza chakula. Alinifuata jikoni, nilikokuwa nimeinjika maharage ya kesho.

"Mama, nikiizima skripti seva itajaa. Nikiiacha itamtoa mzee."

Nilikuwa nimekaa, mikono mapajani. "Mimi sasa hivi nafanya nini?"

"Umekaa."

"Napika. Maharage hayaivi kwa kukorogwa. Ulipokuwa mdogo uliwahi kunizimia jiko hivihivi, ukadhani nimesahau. Siku ile tulitafuna mawe."

Akacheka kidogo.

"Na huyo mzee," nikamuuliza, "kabla ya kumtoa, ulimpigia hodi?"

"Skripti haipigi hodi, mama."

"Kwani imelelewa na nani?"

Akaondoka, akajifungia chumbani. Siku ya pili yake alinionyesha alichobadilisha. Sasa skripti inachungulia kwanza kama kuna kazi inayochemka chumbani. Ikiwepo, inapita. Isipokuwepo, inamwandikia mtu kwenye kioo: "Hodi. Bado upo?" Inasubiri robo saa. Asipojibu ndipo inamtoa.

Ndiyo iliyokuwa ikijaribiwa usiku ule wa Ijumaa nilipokaa kwenye kigoda, yeye akiichunga kutoka chumbani kwake. Mara moja nilimsikia akicheka peke yake. Baadaye aliniambia kuna karani aliyejibu "Karibu." Halafu vibonye vikanyamaza. Nilisimama, nikainua mkono nigonge, nikaushusha. Mwanga ulikuwa bado upo chini ya mlango, na kiti kililia kidogo.

Kulipopambazuka simu yake iliita. Nilisogeza sikio. Sauti ya mwanamume ilinguruma maneno nisiyoyashika, akanyamaza, akanguruma tena.

"Ramani yote imekamilika?" binti yangu alisema. "Hata kipande cha mwisho?" Sauti ile ikanguruma tena. "Ndiyo, mkuu. Jumatatu saa mbili. Nitakuwepo."

Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nilijikokota hadi mlangoni.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

"Mtu ambaye hajagusa kitu tangu jana."

Nikasikia ufunguo ukizungushwa.

"Karibu, mama. Wewe sikutoi," akasema, na mlango ukafunguka.