Mwalimu wa kompyuta na ukurasa wa saba unaomkimbizia wanafunzi

Asubuhi hii, kabla chai haijachemka, mwalimu wa kompyuta amemkalisha mumewe mbele ya mashine na kuapa kwamba hatamsaidia hata kwa neno moja.

Mume ni fundi bomba. Kompyuta kwake ni kitu cha kutazamia mpira. Leo ameombwa afuate mwongozo wa mkewe mstari kwa mstari, kama mwanafunzi aliyeingia darasani kwa mara ya kwanza.

“Sasa hapa nibonyeze nini?”

“Soma.”

“Nimesoma.”

“Soma tena.”

“Mke wangu, kwani tumegombana?”

Mwongozo huo unafundisha programu inayotunza matoleo ya kazi. Ukiandika kitu leo na kukibadilisha kesho, programu inakumbuka vyote viwili, na ukiharibu unaweza kurudi nyuma. Mwalimu huufundisha kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa. Darasa la sasa lilianza na watu ishirini. Wamebaki tisa, naye hulipwa kwa wanaomaliza.

“Wengi wananikimbia kwenye ukurasa uleule,” anasema. “Wa saba. Nimeuandika upya na upya mpaka sasa hata mimi siuelewi.”

Aliyemuuma zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe, msusi anayetafuta kazi ya kutunza tovuti ya ofisi moja. Kazi yake ya majaribio inatakiwa Ijumaa. Wiki iliyopita alikuwa ametengeneza kurasa nzuri zenye picha za mitindo ya nywele kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni ambamo mtu hujaribu mambo bila kuvuruga kazi kuu. Ukurasa wa saba ukamwambia arudi kwenye kazi kuu. Akarudi. Picha zote zikatoweka.

“Nikamwambia zimejificha tu, na kicheko kikanitoka,” mwalimu anakumbuka. “Akasema, ‘Wifi, usinifanye mtoto.’ Akachukua mkoba wake. Mpaka leo hajarudi.”

Mume naye amefika ukurasa wa saba. Anabonyeza. Sentensi aliyoiandika kwenye tawi lake, ya kujisifu kwamba hakuna bomba linalomshinda, haipo tena. Anafungua kapu la taka la kompyuta. Tupu. Anachungulia hata chini ya meza. Halafu anainua mikono.

“Mimi sijagusa kitu.”

Mwalimu anamtazama. Ni uso uleule wa dada yake, macho yaleyale yanayotafuta pa kukimbilia. Safari hii hacheki.

“Iko kwenye tawi lako. Haijaenda popote.”

“Sasa si mngesema mapema? Mnamwondolea mtu kitu chake kimyakimya?”

Mwalimu anaandika hapohapo, juu ya ile hatua: “Ukibonyeza, kazi yako itatoweka machoni. Imebaki kwenye tawi lako. Rudi huko uione, kisha uendelee.” Anafuta. Anaandika tena. “Itatoweka” inatisha, lakini “itajificha” ndiyo iliyomuudhi wifi. Anakuna kichwa.

Mume anasogea kwenye skrini. Kuna mafaili manne: “mwongozo mpya”, “mwongozo mpya kabisa”, “mwongozo wa mwisho” na “mwongozo wa mwisho huu hapa”.

“Si unafundisha programu ya kuzuia mambo haya?”

“Kunywa chai yako, baba.”

Mpango wa mwalimu ni kuwafikisha wote tisa mwisho, na kumrudisha wa kumi kabla ya Ijumaa. “Nataka tu afungue, aone nywele zake ziko palepale,” anasema.

Anamtumia wifi ukurasa mpya, na maneno haya: “Wifi, samahani kwa kile kicheko. Kaka yako naye kapotea palepale. Picha zako zipo zote. Kiti chako nimekiwekea vitabu, asikikalie mtu.”

Tiki mbili zinatokea: ujumbe umefika, jibu bado. Mume ameshaondoka na spana zake, chai ya mwalimu imepoa. Anafungua tena yale mafaili manne, akijaribu kukumbuka ametuma lipi.