Kipande cha Akiba

"Kila mtu anataka diski nzima, kana kwamba kaachiwa na babake!" Fundi wa kompyuta wa redio yetu hapa Addis alimfokea Weizero, yaani Bibi, Alganesh wa maktaba ya kanda.

"Uliniahidi nafasi ya kunakilia kanda tangu Pasaka, kaka. Kanda za waimbaji marehemu zinaoza."

Mimi namimina kahawa, nasikia yote. Huyu bwana kaunganisha diski zote zikawa ghala moja, akaikatia kila idara kipande, na kimoja cha akiba hampi mtu. "Kuongeza kipande ni rahisi," husema kwa sauti ya msibani, "kupunguza ndiko kunakoua vilivyomo."

Alganesh akafungua kiganja: utepe umekuwa unga. Fundi akafuta vidole kimoja kimoja, kama afanyavyo kila mara kabla ya kugusa mashine, akabonyeza taratibu. Akiba yote ikaongezwa kwenye kipande cha maktaba, kwa ajili ya kanda.

"Deni lako nimelipa, dada. Kazicheze, zinakiliwe kabla hazijaisha."