Chatu Aliyekataa Chakula cha Mwenyeji

Saa moja na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinipa fimbo yenye ndoano akaniambia niingie chumba cha pili nikabadilishe maji. Hakuniambia ndani kuna nini. Nilipofungua mlango nilisikia sauti kama ya tairi la baiskeli linalotoa upepo, kisha ya pili, kisha chumba kizima kikaitikia. Nilibadilisha maji. Nilipotoka nilikaa chini kwenye saruji.

"Umeogopa?" Meneja aliuliza. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole wa maneno.

"Nimeogopa, mzee."

"Basi umepata kazi. Asiyeogopa atanitia hasara ya sanda."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa mizani katika kituo cha ushirika cha kununulia pamba, Nkololo. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, kituo kikapunguza watu, na mimi nikiwemo. Wakati huohuo Meneja alifungua yadi yake Somanda, Bariadi, ambayo siku hizo ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Alinunua kobe, vinyonga na chatu kwa vibali, akawapeleka Dar es Salaam wasafirishwe nje, kwa watu wanaofuga nyoka ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka. Kazi yangu iliitwa mlishaji.

Vijana wanaoniuliza habari za kazi hiyo hudhani ugumu ulikuwa kushika nyoka. Kushika hufundishika. Ugumu ulikuwa kumfanya nyoka mgeni ale. Chatu aliyetoka kukamatwa anaweza kukaa miezi bila kugusa chakula. Hali hiyo tuliiita kususa. Kabla ya yote unamtazama macho: yakiwa na ukungu wa maziwa, anakaribia kujivua gamba, na hatakula hata umpe nini. Macho yakiwa safi, unampa sanduku lenye giza ambamo mwili wake unagusa kuta pande zote, kwa sababu nyoka aliye kwenye uwazi anajiona windo. Unampa maji na joto, unamwacha kabisa. Baada ya hapo ndipo unaweka kuku aliyechinjwa sasa hivi, angali na moto, unaondoka bila kuchungulia. Chatu anayetazamwa hali. Akishakula, haguswi mpaka uvimbe wa tumbo upungue. Ukimnyanyua mapema atatapika chakula chote, na mgeni aliyetapika mara nyingi hali tena.

Haya nilifundishwa na Fundi Mkuu, Mzee Nkwabi, aliyekuwa mmoja wa Wayeye, wale wacheza nyoka na waganga wa sumu. Mengine niliyasoma katika kitabu cha baiolojia cha sekondari nilichonunua mnadani, maana shule yangu iliishia darasa la saba.

Yadi ilipakana na mashine ya kusaga. Ikianza kunguruma, ardhi ilitetemeka na nyoka wote wakajikunja. Kwa hiyo Meneja aliweka utaratibu kwamba nyoka aliyesusa apelekwe nyumbani kwa mlishaji mpaka ale. Ndivyo nilivyopewa chatu jike kutoka Kimali, mnene kama paja langu. Nilimweka katika kibanda cha jiko la zamani, nyuma ya nyumba yetu.

Mume wangu, Maduhu, alilitazama lile sanduku likishushwa kwenye mkokoteni. "Mimi nilitoa ng'ombe kumi na wawili kwa mtu mmoja," alisema. "Nyoka hakuwemo kwenye hesabu." Jioni alichukua shuka lake akaenda kulala kwa kaka yake. Nikabaki na binti zangu wawili, Limi na mdogo wake.

Mwanzoni majirani hawakuchukia. Kwetu Usukumani, kwa wanaoshika mambo ya zamani, chatu akiingia nyumbani ni mgeni wa wahenga, hafukuzwi. Walikuja mmoja mmoja na unga wa mtama kwenye kiganja, wakapiga magoti mlangoni, wakapiga makofi na kumsalimu kwa Kisukuma kama mzee wa ukoo, ingawa alikuwa jike. "Mwangaluka, baba. Karibu, baba." Nilijua kila goti linalogonga ile sakafu ya udongo linamfikia chatu tumboni kama ngoma. Lakini ningewakatazaje watu kusalimia mgeni? Niliwaacha, na yeye hakula. Niliweka kuku, kuku akaoza. Niliweka panya, panya akaoza.

Ndipo neno likaanza. Mgeni anayekataa chakula cha mwenyeji ana jambo lake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: mtu akifika kwako akakataa ugali wako, unajiuliza amekuja kufanya nini. Na kila mtu Bariadi alikwisha kusikia habari za ndagu, ule utajiri wa kishirikina ambao mtu hufuga nyoka, na nyoka huyo hadai kuku. Hudai mtu.

Wiki hiyo mtoto mchanga wa jirani yangu Ngolo alikufa kwa homa.

Nilikwenda msibani na debe la mahindi. Nilipokaa kwenye mkeka, wanawake wawili waliokuwa upande wangu walisogea. Hakuna aliyenitukana. Ngolo alinitazama kwa macho yaliyokauka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Limi, sasa ameshiba?"

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, si pembeni penye vichaka. Miaka ile wanawake walikuwa wakikatwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko yangu. Macho mekundu ya moshi wa kuni yalitosha. Mimi nilikuwa na chatu.

Nilimwomba Meneja amrudishe yadi. "Atakufa kule," alisema, "na mtu wa Dar ameshamlipia. Lakini pia fikiri. Ukimtoa leo watasema umemficha. Afadhali wamwone anakula."

"Akitazamwa hali, mzee."

"Hilo ni la kwako na nyoka wako."

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mkavu ambaye hakupenda maneno mengi. Nilimweleza vile nilivyojua, tangu giza la sanduku hadi magoti ya wasalimiaji. Akasikiliza akichokonoa meno.

"Sasa mayu, mama yangu, unataka niwaambie watu waamini kitu ambacho hakionekani? Ndicho hichohicho wanachokiamini sasa."

Nikamwomba mambo mawili tu: azuie watu kuja kusalimia, na afunge kibanda kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo ubaki kwake. Alikubali. Alikuja na jogoo mweupe kutoka bandani kwake, akamchinja mbele ya watu, nikamweka ndani angali na joto, balozi akafunga. Watu wakaondoka. Niliwakataza binti zangu hata kutwanga.

Asubuhi ya pili balozi alifungua. Jogoo hakuwepo. Chatu alikuwa amejikunja sandukuni, na katikati ya mwili wake palikuwa na uvimbe laini wa mviringo. Nilihisi machozi. Katika kazi ile hakuna furaha kama kuona uvimbe huo.

Uani walikuwa wamekusanyika watu wengi, wanaume wakiwa na fimbo, wengine na mapanga kana kwamba wametoka shambani, ingawa haukuwa msimu wa shamba. Shemeji yake Ngolo alichungulia.

"Tunaona tumbo," alisema. "Ndani kuna nini?"

"Jogoo wangu," balozi alijibu.

"Wewe ulimwona akimezwa, baba?"

Balozi alitikisa kichwa. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ulikuwa karibu kuniua.

"Kufuli halizuii mchawi," mtu alisema nyuma, na kicheko kifupi kikapita. Binti yangu mdogo alikuwa amenishika kanga.

Nilijua la kufanya, na nilijua gharama yake. Nilimbandua binti yangu, nikaingia kibandani, nikamshika chatu shingoni na katikati, nikamtoa nje juani. Watu walirudi nyuma wakikanyagana. Mwili wake ulinikaza mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Nikamnyanyua kwa nguvu, kama nilivyokatazwa na Mzee Nkwabi.

Alifungua kinywa. Kwanza yalitoka maji mazito yenye harufu ambayo sijaisahau, kisha miguu ya njano, kisha manyoya meupe yaliyolowa, kisha jogoo mzima, shingo imekatwa, akaanguka miguuni pa balozi.

Balozi alimgeuza jogoo kwa fimbo. "Huyu ni wangu," alisema. "Na alama ya kisu ni yangu."

Ngolo alikuwa amesimama mbele ya wote. Aliinama akayatazama yale manyoya. "Mhola, Mama Limi," alisema, salamu tu ya amani, akageuka akaenda. Shemeji yake akamfuata. Uani pakabaki peupe. Maduhu alirudi na shuka lake kabla ya jua kuwa kali.

Chatu hakula tena. Mzee Nkwabi alijaribu kila alichokijua, mpaka siku alipomkuta amenyooka sandukuni. Sikumwambia Meneja uongo, naye hakupandisha sauti. "Umemuua nyoka aliyelipiwa," alisema. "Lakini naona watoto wako hapo mlangoni. Tutakatana kwenye mshahara, taratibu."

Nilifanya kazi hiyo miaka mingine kadhaa, Somanda na kisha kituo cha Kimali, mpaka biashara ilipofungwa, nikamalizia utumishi nikiwa mhudumu wa maabara ya shule. Sasa nimestaafu. Vijana wa bodaboda hunipigia honi wakiniita Bibi Nyoka, na wanacheka, nami nacheka. Wengi wao hawaamini kwamba jina hilo liliwahi kuwa hukumu. Wakiniuliza namna ya kumlisha nyoka mgeni, nawaambia: giza, joto, na watu wakae mbali. Hilo la mwisho ndilo gumu kulipata.

Meneja alinikata kidogokidogo kila mwezi mpaka chatu akaisha. Jumla yake ilikuwa shilingi elfu tisa na mia sita.