Karafuu za Mwalimu

Uvumilivu ulinishinda siku binti yangu aliporudi kutoka skuli na kucha nyeusi tena, ilhali asubuhi ile nilimsikiliza maneno yake yote ya Kiingereza na hakukosa hata moja.

Mwalimu wao alikuwa akiwachezesha. Anainua kikombe au kitana, na anayekitaja kwa Kiingereza hutoka nje kuruka kamba. Wanaoshindwa hubaki barazani kuchambua karafuu za shamba lake mwalimu.

"Kwani umesahau?" nikamuuliza.

"Nnajua, mama. Nimenyamaza tu. Mwenzangu hajui, angebaki peke yake."

Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma.

Mie nimesoma hadi sekondari Unguja. Najua somo na najua kibarua. Nikajitanda buibui, nikamwendea mwalimu. Akacheka.

"Bibi we, watoto lazima watiwe hamu."

"Hamu ya nani? Mbona kabla ya msimu wa karafuu mchezo huu haukuwepo?"

Akaniaga. Nikapitiliza hadi kwa Mudiri, mkuu wa wilaya yetu, nikataka iandikwe hivi: "Nalalamika kwamba mwanangu anajua jibu, na skuli imemfunza kunyamaza. Karafuu zirudi kwa mwenyewe. Mchezo ubaki."