Matuta ya Baiskeli Mbele ya Geti Langu

Lori la kwanza la kifusi lilimwaga mzigo wake kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba yangu Jumamosi asubuhi, nikiwa kibarazani nimempakata twiga wa mti, nampiga msasa shingoni. Ndiyo kazi yangu hiyo. Mke wangu anauza vinyago Mwenge, mie nabaki Boko kuvilainisha, na mtaani wananiita mama mwenye nyumba. Sikatai. Mtu akiniambia twende Sinza tukapunge upepo, namuuliza kwani hapa kwangu upepo umekatwa lini.

Nikamweka twiga chini. Mtu anayekaa chini ya mteremko kama mie akiona kifusi hashangilii, anauliza maji yatakwenda wapi. Masika yaliyopita jirani wa juu alijaza kiwanja chake kifusi ili ajenge, na maji yaliyozoea kulala kwake yakahamia kwangu. Yaliingia sebuleni bila hodi, yakalowesha godoro, yakatoka na ndala pamoja na bata wa mti ambao mke wangu alikuwa ameshawapatia mteja. Bata wale walielea vizuri, nitawasifu kwa hilo. Mke wangu hakucheka. Alianika godoro uani, akalitazama likichuruzika, kisha akasema, "Yakiingia tena, baba, mie nahamia kwa dada Temeke na wanangu. Wewe baki uyapokee."

Au niwafuate. Niende Temeke, mie mtu ambaye hata nikitumwa Mwenge najisingizia malaria. Kwa hiyo lori lile lilipoinua bodi yake, mie niliona ndoa yangu inamwagwa pale uwanjani.

Wenye kifusi walikuwa watu wa baiskeli. Kila wikiendi walikuwa wakipita barabara ya Bagamoyo na kofia ngumu na kaptura za kubana, wanakanyaga kama wanafukuza mwizi, halafu wanageuza na kurudi walikotoka. Mtu anayejichosha kwa hiari yake simwaminigi. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja mrefu, mpole, na alishaongea na mwenyekiti wa mtaa. Huku nje ya mji, alisema, watoto wana baiskeli lakini hawana pa kuchezea ila barabarani, katikati ya malori. Wao watawajengea uwanja wa matuta ya udongo, ya kupanda na kushuka, na kona zilizoinuliwa, mtoto azunguke bila hata kukanyaga pedeli. Tena bure.

Hilo neno bure ndilo lililonitia homa. Kwenye mkutano waliouitisha mtaani waligawa soda, ya kwangu nikaiacha imejaa. Kila mtu alikuwa na lake. Kuna aliyesema wanapima kiwanja wakiuze. Mama anayetukaangia vitumbua alisema matuta marefu namna ile yeye anayaonaga makaburini tu, na angependa kujua yatachimbwa kwa ajili ya nani. Mie nilikuwa na hofu moja tu, ya maji.

Nikaanza upelelezi. Haukunitoa nyumbani, niligeuza kiti tu. Nikawatazama wanavyoshindilia udongo, wanavyoumwagilia, wanavyousawazisha kwa mgongo wa koleo kama wanapaka keki. Kona ya mwisho ndiyo iliyoninyima raha. Ilikuwa ndefu na ya juu, imejikunja vizuri, na mdomo wake ulikuwa unatazama geti langu.

Nikamwita yule dada. Nasema nilimwita, sikwenda. Akaja, akasalimia vizuri, kiti akakikataa, jambo ambalo pia nililiweka akilini. Nikamwambia kona yake itanimwagia mto ndani. Akasema wamepima kwa kifaa na mteremko unaelekea kushoto, kwenye korongo. Nikamwambia kifaa chake kimesimama pale asubuhi moja, mie nimekaa hapa tangu nijenge. Mpira ukiwatoroka watoto unakuja getini kwangu. Chungwa likimdondoka mtu linakuja getini kwangu. Huko korongoni sijawahi kuona kitu kikibiringika kwenda.

Alinisikiliza kwa upole unaoudhi. "Basi kaka, panda baiskeli wewe mwenyewe, usikanyage pedeli. Ikikuleta kwako, nabomoa kona."

Nilijua ni mtego. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa sekondari, ilikuwa ya mwalimu, na safari iliishia kwenye ua wa michongoma. Lakini nikaifikiria Temeke. Nikavaa kofia.

Watu walijaa kuliko kwenye mkutano, na hapa hapakuwa na soda. Mwenyekiti alinishikia tandiko huku akinipa moyo kwa namna ya mtu anayeaga. Mama wa vitumbua akawaambia wenzake kwamba mtu huyu sokoni hafiki, leo anakwenda mashindanoni. Nikaachiwa. Tuta la kwanza nilishuka, la pili nikapanda bila kupenda, tumbo likabaki huko mie nikiwa nimeshafika la tatu. Breki nilizisahau kabisa. Kona kubwa ikanipokea, ikanigeuza kwa ustadi ambao siwezi kuukana, ikanitema nje. Nikapita kwenye majani, nikapita kwenye kokoto, na geti langu likalia bati zima.

Nikiwa chini, kofia imenifunika macho, nikasikia sauti ya mke wangu, ambaye ndiyo alikuwa anafika kutoka Mwenge na mfuko wake begani.

"Baba, geti lina kitasa."

Yule dada hakucheka, au alichekea ndani ya kofia yake. Alitembea njia yote niliyopita, akainama kwenye alama za tairi, akasema sawa. Kona ikabomolewa, ikajengwa upya ikitazama kwingine, na mbele ya geti langu wakachimba mtaro wa kuyapeleka maji kushoto, kuelekea korongoni. Nilisimamia mwenyewe, kutoka kitini. Hata hivyo sikumwamini. Mtu anayekubali kosa haraka vile, huwezi jua amebakiza nini.

Masika yakaja. Siku mvua kubwa ilipopiga, mie na mke wangu tulisimama mlangoni, godoro tumeshalipandisha juu ya meza. Maji yakateremka uwanjani, yakazunguka matuta, yakaingia mtaroni, yakasita kidogo kama yananitafuta, halafu yakapinda kushoto yakaenda zake. Mke wangu alishusha godoro, akaenda kubandika chai ya tangawizi, na mtu anayehamia Temeke habandiki chai ya tangawizi.

Kikombe sijakimaliza, geti likagongwa. Alikuwa jirani wa kushoto, mtu mkimya tuliyezoea kusalimiana naye kwa vichwa tu. Amesimama mvuani, suruali ameikunja hadi magotini, ndala zake mkononi.

"Jirani, haya maji umeyaelekeza wapi?"

Nikamwambia ni watu wa baiskeli. Akasema watu wa baiskeli hawaishi hapa. Nikasema wamepima kwa kifaa, na nilijisikia nikilisema hilo kwa upole uleule wa yule dada. Naye alinitazama kama ninavyowatazamaga watu wanaonigawia soda.

Mke wangu akatuletea majembe mawili, sikumwagiza. Tukatoka, mie na jirani, tukaufuata mtaro hadi ulipokomea, na ulikomea ukutani kwake, pale nguvu za wachimbaji zilipoishia. Korongo lilikuwa bado mbele. Tukaanza kuchimba, yeye upande wake, mie upande wangu, kila mmoja akiangalia jembe la mwenzake linaelekea wapi.