Adabu za Baba Wodini

Kuna asubuhi moja ninaikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nakusimulia sasa kwa sababu kesho unampeleka mama yako hospitali. Nakuita mwanangu, maana mtoto wa binti yangu ni mwanangu tu. Tangu jana nakuona unahangaika na kadi ya bima, unauliza dirisha la kuandikisha liko wapi na nani wa kumwona kwanza. Vizuri. Kadi itakufikisha mlangoni kwa daktari. Langu mimi ni la ndani ya huo mlango.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Sultani. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nakaa Mlandege, mjini. Mama yangu alikwishafariki. Baba alikuwa mchoma chokaa wa Jambiani, mtu aliyesifika kijiji kizima kwa adabu. Akiingia kwa watu hakai mpaka akaribishwe. Mchuzi ukiwa chumvi tupu, atasema mtamu. Na akiulizwa hali, hata kama ana homa ya kutetemeka, jibu lake ni moja: "Sijambo, alhamdulillah." Sisi watoto wake tulijivuna naye. Bado najivuna, ingawa adabu hiyohiyo ndiyo iliyoniliza.

Tumbo lilimshika, akakonda, mume wangu akamleta mjini akalazwa. Walimpokea vizuri, wakampa kitanda na shuka safi. Basi baba akakaa wodini kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya watu. Asubuhi anatandika kitanda mwenyewe kabla muuguzi hajafika. Maji haombi. Nikimpelekea uji, kwanza huniuliza kama nimewaamkia wote, mpaka mfagiaji.

Kitanda cha pili alilala Mzee Makame, mchuuzi wa samaki wa Mkokotoni, mwenye kidonda mguuni. Huyo mguu ukimuuma, wodi nzima inajua. Shuka ikichelewa kubadilishwa, wodi nzima inajua. Daktari akipita ataelezwa kidonda kilivyovuta, kilivyowasha, na jana kilinuka vipi. Baba akininong'oneza, "Huyu hana subira, maskini. Watu wamechoka, na yeye anazidi kuwachosha." Nikacheka. Nani asingecheka?

Ndipo ikaja asubuhi hiyo. Mzee Makame aliniita nje ya wodi, akiegemea ukuta kwa mguu mmoja. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba. Sikiza, bibi. Babako hali kitu. Uji wako ananipa mie. Na hicho kidogo anachokula anakitapika, kina damu, anafuta kwa kikoi chake, kisha anakwenda kukifua mwenyewe. Nshamwambia aseme, hataki, ati nnamtia aibu. Mwambie daktari wewe."

Nikarudi ndani kumngoja daktari. Daktari alipofika, Mzee Makame alikuwa amepelekwa kufungwa kidonda, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Daktari mwenyewe alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, Kiswahili chake kizuri. Nikamweleza mbele ya baba, kwa sauti ndogo, macho yangu sakafuni. Kumtolea baba jambo alilolificha hakukuwa jambo dogo kwa mtoto wa zama zetu.

Daktari akamgeukia. "Mzee, hujambo? Unatapika?"

Baba akatabasamu. "Sijambo, daktari, alhamdulillah. Huyu mtoto ana huruma nyingi tu."

Daktari akambonyeza tumbo. "Hapa panauma?"

"Hapana. Mikono yako ina baraka."

Niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso, na yeye bado anatabasamu. Wodi ilikuwa imejaa, wengine wamelala chini, na mzee mwenye mvi anasema hana kitu. Daktari alimwamini. Simlaumu, kwani mimi mwenyewe nilikaribia kumwamini. Baada ya siku chache akamruhusu aende nyumbani. Mzee Makame alibaki pale pale, akinung'unika na kutibiwa.

Baba alizunguka vitanda vyote akiaga na kushukuru. Tukapanda gari la shamba kurudi kijijini. Tulipokaribia Jambiani ndipo akasema, "Umenifanya mwongo mbele za watu, Mwanaidi." Nikamwomba radhi. Akanipa papo hapo, akanishika mkono mpaka tukashuka.

Nyumbani alizidi kudhoofika. Nikambembeleza turudi mjini. Nililia, nikamwita na kaka yake aje kumsihi. Hakukasirika, wala hakukubali.

"Nshaaga, mwanangu. Nkirudi itakuwa kama nnawaambia hawakunitibu. Na wema wote ule walionifanyia?"

Alasiri ya mwisho kichwa chake kilikuwa mapajani pangu, na maumivu yalikwishamshinda. Alilia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku tulipomzika mama. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukumwambia daktari?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hakuwa akijua? Mtu kasoma vile! Mie aliponiuliza hujambo, nlidhani ananijulia hali tu."

Hakufika magharibi.

Nimezika wengi tangu hapo, mwanangu, na nimewalilia wote. Lakini neno lile likinijia huwa naacha ninachokifanya nikakaa chini. Yule daktari alingoja aambiwe na mgonjwa mwenyewe, na baba alingoja ajuliwe. Matapishi aliyaficha kwa sababu mgeni hachafui nyumba ya watu. Hakuna aliyemtakia mwenziwe mabaya, na mtu akafa.

Sasa mama yako kamrithi babu yake. Jana nimemuuliza habari za mgongo, kaniambia yu mzima, na kabla ya hapo nilimwona akijishika ukutani. Usimwache aingie kesho na adabu za ugenini. Kaeni leo, mzungumze kabla hamjatoka. Mwambie kwamba daktari akimuuliza hali hamsalimii, anataka habari, na kumweleza panapouma ndiko kumheshimu. Mwombe ruhusa umsemee pale atakaposhindwa, akupe mwenyewe kwa kinywa chake, ili usije ukaambiwa umemfanya mwongo. Akisema hajambo nawe umemwona akilia, sema ulichokiona. Wasipokusikia, sema tena. Mkiambiwa mrudi nyumbani, ulizeni maumivu yakizidi mfanye nini, na yakizidi rudini, hata kama mlishaaga na kupeana mikono na hospitali nzima. Na huko dirishani kwenye bima, wakikwambia jambo hukulielewa, usiseme "haya, ahsante" ukaondoka. Uliza mpaka uelewe. Ile ni haki yenu, hamkwenda kwenye karamu ya mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kauli isiyotetemeka. Amlainishe mama yako aseme kinachomuuma, na amjaalie daktari atakayemwona moyo wa kusikiliza. Baba yangu nilimrudisha nyumbani kabla ya wakati. Wewe Mungu akujaalie unirudishie binti yangu akiwa amepona.