Mbegu za Shangazi Kabula na Mvua ya Kwenye Kompyuta

Shule ilipofungwa Desemba, baba alinituma kijijini Lingeka nimsindikize kaka Shija, asije akamharibia shangazi Kabula kilimo. Kaka anasomea hali ya hewa chuoni. Shangazi alikuwa amebakiwa na mfuko mmoja wa mbegu za pamba na mgao wa mbegu umekwisha. Zikipotea, mwaka huu hana pamba. Alitaka kujua apande wapi. Kunipa mimi ulinzi ni sawa na kumwachia mbuzi zamu ya mahindi, lakini nilikwenda.

Asubuhi, stendi ya Bariadi. Kaka alipakata kompyuta kama mtoto anayepelekwa kliniki. Hadi Mwanhuzi alinieleza modeli: dunia inakatwa miraba, kila mraba unapigiwa hesabu ya mvuke, mawingu na mvua.

"Lingeka ina mraba wake?" nikauliza.

"Hapana. Mraba mmoja unameza Lingeka na vijiji kibao."

"Kwa hiyo wote tunanyeshewa sawa?"

"Kwenye modeli, ndiyo."

"Na kwenye ngozi?"

Akaniambia nitazame ng'ombe dirishani.

Mchana, Lingeka. "Mwadila, mayu," tukamsalimu shangazi. Akatupa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, kisha akatuonyesha mashamba yake mawili: la kichanga mteremkoni, na kipande cha mbuga, udongo mweusi, ng'ambo ya korongo.

"Mvua ikija kidogo kidogo, napanda mchangani," alisema. "Ikimwaga mara moja halafu ikakata, afadhali mbugani, kule maji yanakaa. Haya, mwanangu, sema."

Kaka akafungua kompyuta. "Manyunyu kila siku, wiki nzima." Halafu akakuna shingo. "Ila modeli hizi zina tabia ya kunyunyiza mno, shangazi. Zinachopatia zaidi ni jumla ya mvua ya wiki."

"Jumla si ndiyo mvua yenyewe?"

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama michembe. Tukapanda mfuko wote mchangani.

Kesho yake jioni ilishuka mvua moja, ya hasira, mpaka kuku wakapanda kitandani kwangu. Baada ya hapo, jua. Wiki nzima, jua tupu. Kaka, aliyekuwa ametega kopo la kupimia uani, alipiga hesabu zake akaja mbio.

"Jumla imepatia!"

Shangazi alikuwa amesimama mteremkoni kati ya mifereji iliyochimbwa na maji. Mbegu hazikuwepo.

"Imepatia nini?" akauliza.

Alikaa chini kwenye mchanga, na kwa mara ya kwanza safari ile sikuwa na mzaha wowote.

Siku ya kurudi ilipokaribia, jirani wa bondeni, Mzee Masanja, alituita. Shamba lake la mahindi liko chini ya mteremko, kwenye udongo mweusi. Pembeni mwake ulikuwa umeota ukanda mzito wa pamba.

"Mimi nilipanda mahindi," alisema.

"Labda yamebadili dini, babu," nikasema.

"Hizo ni zangu," shangazi akasema.

"Mbegu zako, shemeji. Ardhi yangu. Mvua ya nani, sijui."

Walibishana hadi jua likawachosha. Mwisho mzee akasema shangazi atavuna pamba yote, mradi "huyu mwenye mdomo" apalilie shamba lake zima. Shangazi alikubali upesi mno, bila kuniuliza. Ukanda ule haufiki hata nusu ya mfuko aliopanda, lakini ni pamba.

Bariadi nilifika na malengelenge viganjani. Nilichojifunza ni kwamba mvua inaweza kutimia yote na bado ikawa siyo ile uliyoambiwa. Zaidi ya hapo sijaelewa, na kaka anayelipiwa ada ili aelewe hajaelewa pia.

Baba alikuwa mlangoni. "Kompyuta ilisema kweli?"

"Ndiyo."

"Shangazi yako alipanda?"

"Zote."

"Na zimeota?"

"Vizuri sana. Kwa Mzee Masanja."

Akanisogelea, akaninusa mdomo.